Lynnet Akoth, Aliyewaandikia Marehemu Barua

Waombolezaji wapendwa, wachungaji, wazee wa Ogwedhi na wakwe zetu mliofika kutoka Karungu, mimi ni Werema, shemeji yake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha yake, na kabla sijaanza niseme kwamba yeye mwenyewe aliagiza asisifiwe kwa upole, kwa sababu hakuwa mpole na hakupenda uongo wa msibani.

Marehemu Lynnet Akoth alizaliwa tarehe 9 Aprili 1971 huko Karungu, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ogada, mchuuzi wa samaki, nyuma ya kaka yake Elkanah na mbele ya mdogo wake Ken. Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia 1978 hadi 1985, akaendelea na sekondari hadi 1989, kisha akasomea uhasibu Kisumu kwa miaka miwili, na walimu wake walimkumbuka kama msichana aliyerudisha daftari la mwalimu likiwa limesahihishwa.

Tarehe 3 Mei 1993 aliajiriwa kuwa karani wa kodi ya ploti katika mji mmoja kando ya ziwa, kaunti ya Homa Bay, mji ambao wakubwa wake wametuomba tusiutaje leo, nasi kwa heshima ya wageni hatutautaja, ingawa takataka zake zimeshautaja. Alifanya kazi katika ofisi hiyo miaka thelathini, kutoka karani hadi msimamizi, na muda wote huo aliona kodi ikipungua huku mji ukikua, jambo ambalo lilimkera kuliko homa. Daftari la thamani ya ploti lilikuwa la mwaka 1986, kwa hiyo jengo la ghorofa nne liliendelea kulipiwa kama shamba la mihogo, na kila uchaguzi ulipokaribia wakubwa walitangaza msamaha wa faini, mpaka waliolipa mapema wakajiona wajinga. Kisha wakati wa bajeti walikaa mezani, wakachukua makadirio ya mwaka uliopita ambayo hayakufika hata nusu, wakayaongeza, wakapiga makofi, na ilipofika Machi lori la taka lilikuwa limepandishwa juu ya mawe kwa kukosa mafuta na magurudumu. Lynnet alisimama katika mkutano mmoja akawaambia kwamba mtu hali chakula alichokiota, na baada ya siku hiyo hakualikwa tena mikutanoni, ila hesabu aliendelea kuandaa yeye.

Lakini kilichomchosha hasa kilikuwa majina. Zaidi ya nusu ya watu waliokuwa kwenye daftari lake walikuwa wamekufa, na watoto wao walikaa kwenye ploti hizo, wakapangisha vyumba, wakafungua maduka, lakini hakuna aliyebadilisha jina, kwa hiyo kila Januari Lynnet alitia sahihi notisi mia kadhaa zilizoandikiwa watu waliolala makaburini. Mwaka 2017 alipeleka notisi mwenyewe kwa boma moja, akajibiwa na mama mwenye boma, "Mwenye ploti ako hapo nyuma ya nyumba, enda umuulize," naye kwa hasira akaenda kweli, akasimama kando ya kaburi akaisoma notisi yote kwa sauti, pamoja na faini. Alitozwa kondoo wa kutakasa boma. Alimtoa kondoo huyo, akadai risiti.

Aliolewa na ndugu yangu Mniko, mfanyabiashara wa ng'ombe hapa Ogwedhi, tarehe 16 Desemba 1995, na Mungu akawajalia watoto wawili, Emmah, aliyezaliwa 1997, na Maxwell, aliyezaliwa 2000. Alikuwa mke mwema, alipika vizuri, na hakumruhusu Mniko auze hata ndama bila kuandika.

Sasa tunafika mahali ambapo familia imeona ni heri tuseme wazi. Mzee Ogada alifariki tarehe 21 Agosti 2009, akaacha ploti katika mji ule ule, na ploti hiyo mpaka leo iko kwa jina lake. Elkanah anaishi Musoma, na kila alipopigiwa simu alisema atakuja kusaini karatasi za urithi mwezi ujao, naye Ken aliogopa kusaini kabla ya mkubwa wake, asije akapatwa na chira, laana ya anayeruka mila. Basi miaka kumi na minne Lynnet alimwandikia baba yake notisi kwa mkono wake mwenyewe, kisha akailipa kutoka mshahara wake, mtu wa kwanza kwenye foleni, na hapo ndipo alipokosea, alikiri mwenyewe, kwa sababu mzigo ukibebwa na mmoja wengine husahau kwamba upo. Aliona aibu sana, na aibu hiyo alistaafu nayo.

Februari 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na asubuhi ya Alhamisi tarehe 5 Juni 2025 akatuacha. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani wa Ogwedhi waliochota maji na kupasua kuni, na wenzake wa ofisini waliochanga nauli wakaja, hata wale waliomnyima mwaliko wa mikutano.

Ameacha bahasha ya kaki, aliyoagiza ifunguliwe kabla jeneza halijashuka, nasi tumeifungua. Ndani mna fomu ya ridhaa ya warithi wa Mzee Ogada, na maneno machache yanayosema kwamba watoto wa Ogada hawakai mahali pamoja ila kwenye msiba, na kwa kuwa msiba mwingine haukupatikana, ametoa wake. Chifu wa Karungu amekuja na muhuri, Emmah na Maxwell watasaini mahali pa mama yao, Ken atasaini baada ya mkubwa wake, na mkubwa wake tunamwona pale, safu ya pili, ameketi.

Pumzika kwa amani, nyar Karungu, binti wa Karungu, umechoka kuwaandikia wafu. Shemeji Elkanah, kalamu iko mezani, na wachukuaji wa jeneza wanakusubiri.