Ubongo wa Kompyuta ya Mama Asifiwe

Benchi letu pale Kinondoni Mkwajuni ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na kitasa bado kipo. Ukikaa vibaya kinakukumbusha. Liko baina ya cherehani yangu na chumba alichokodi mke wangu Yuliana kwa kazi ya kuchapa barua. Jumamosi ile ya mwaka tisini na saba, tangu saa mbili asubuhi, sikuwa nimeshona hata pindo. Yuliana alipunguzwa kazini shirika lao lilipouzwa, na mie ndiye niliyemshauri kiinua mgongo chake akitie kwenye kompyuta ya mnada. Mbele ina kibandiko kinachong'aa, kimeandikwa 486. Rafiki yake Filomena amemwahidi kazi ya kuchapa ripoti za mradi kuanzia Jumatatu, ila sharti aweke Windows mpya, ile ya tisini na tano, na akamwazima disketi zake kumi na tatu. Kwenye boksi la disketi pameandikwa kwamba prosesa, yaani ubongo wenyewe wa kompyuta, iwe 386 au zaidi. Sasa mtaani watu wakaanza kunong'ona kuwa mashine za mnada ule ndani zina 286, vibandiko ni urembo tu. Dalali wa Gerezani alitupa siku saba: isipotufaa turudishe, tuchague nyingine. Lakini irudi kama ilivyotoka, lakiri nyekundu ya nyuma isivunjwe na kilichomo kisifutwe. Kwa hiyo kuifungua hatuwezi, na kuijaribu kwa disketi hatuwezi. Siku ya saba ndiyo hiyo, mwisho saa sita mchana.

— Saa ngapi? nikauliza.

— Saa tatu na robo, akajibu Farhan muuza kahawa, akitikisa dele lake. Umeniuliza sasa hivi, kaka Anselmo. Bado ni ileile.

Mazungumzo alikuwa ameyashika Shomari. Tunamwita Wakili kwa sababu alikuwa tarishi mahakamani miaka ishirini, na amestaafu na sheria zote za watu aliowapelekea samansi.

— Ishu hii nyepesi, akasema Wakili. Kibandiko kinasemaje? Nne themanini na sita. Maandishi ni ushahidi. Kesi imekwisha, tunywe kahawa.

— Wakili, kwangu kuna kopo limeandikwa maziwa ya mtoto, akasema Mwishehe. Ndani chumvi.

— Hiyo chumvi kaitia mkeo.

— Na hii prosesa hujui kaitia mke wa nani.

Mwishehe jina lake la kijiweni ni Shahidi. Alikuwa kuli bandarini, na hakuna jambo lililotokea Dar es Salaam ambalo yeye hakuwepo, amesimama kando, anaona kwa macho yake.

Wa tatu ni Theonest, mtu wa Bukoba, fundi redio. Huyo tunamwita Injinia. Bisibisi haimtoki nyuma ya sikio hata kama angekuwa anaenda msikitini.

— Nyie mnabishana makaratasi, akasema Injinia. Mie jana nimeisikiliza. Nimeweka sikio pembeni mwake robo saa nzima. Feni inavuma nzito. Ubongo mkubwa lazima upepewe kwa nguvu. Ile ni nne themanini na sita, na ziada juu.

— Ziada gani? nikauliza. Moyo wangu uliruka, siwezi kukataa.

— Ziada kidogo.

Yuliana akatokeza mlangoni na kitambaa mkononi.

— Shemeji Theonest, ile feni ilikuwa na vumbi. Nimeifuta kwa nje asubuhi hii, haivumi tena.

— Basi imeshuka, akasema Injinia bila haya. Sasa hivi itakuwa tatu themanini na sita. Hata hiyo inatosha, shemeji.

Yuliana alinitazama mimi, si yeye. Akarudi ndani.

Nikasimama. Nikakaa. Kitasa kikanikumbusha. Unajua mtu unapokuwa na jambo lako, maneno ya wenzio yanakuwasha kama upupu, lakini huondoki, maana labda la mwisho ndilo lenye dawa.

— Mimi niwaambie siri ya zile namba, akasema Shahidi, akijivuta katikati ya benchi. Mbili themanini na sita. Mwezi wa pili, mwaka themanini na sita. Tatu themanini na sita, mwezi wa tatu. Ni tarehe za kuzaliwa. Niliziona bandarini zinashushwa, zimepangwa kwa miezi.

Hata Farhan aliacha kusuuza vikombe.

— Kwa hiyo, akaendelea, tofauti ni miezi miwili tu. Mtoto wa mwezi wa pili na wa mwezi wa nne wakifika darasa la saba nani anawatenganisha? Tieni disketi, itaelewa.

— Na ikifuta vya zamani halafu isielewe? nikamuuliza. Dalali ataipokea?

— Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.

— Mwana gani tena hapa?

— Wa mwezi wa pili, akasema Shahidi.

Wakili akainua kidole.

— Napinga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa hiyo tusiiguse kabisa.

Hakuna aliyemuuliza ufa uko wapi. Injinia alikuwa ameshapata lake jipya: kompyuta ipelekwe kwa muuza mkaa ikapimwe kwenye mizani, maana ubongo mwingi kilo nyingi. Shahidi akasema aliyaona kwa macho, mashine mpya ndizo nyepesi. Wakaanza kubishana kama ubongo wa tembo una akili kuliko wa sungura. Nikauliza saa. Saa nne na nusu.

— Baba Asifiwe, Yuliana aliniita toka ndani. Njoo uwashe tena, waione wenyewe.

Hapa nieleze, maana kuwasha ni kazi yangu. Mwaka juzi umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, televisheni yetu ikatoa moshi tukiwa tumeitazama miezi mitatu tu. Tangu siku hiyo nina sheria, na mtaa mzima wana sheria kama hiyo: chombo chenye kioo hakiwashwi mpaka umeme utulie. Nikachomeka. Nikawasha boksi la kompyuta kwanza, likalia mara moja, likaanza kukwaruza. Nikahesabu polepole mpaka mia mbili, mkono kwenye swichi, wote wamesimama nyuma yangu. Ndipo nikawasha kioo. Kikapata moto taratibu, kikatuonyesha kile kilichotuonyesha siku sita zote: herufi C pembeni, na kijistari kinachopepesa.

— Ile C ni nini? akauliza Shahidi.

— Ndo hapo unapoandikia, akasema Yuliana.

— Hapana, shemeji. Hilo ni daraja. A ni nne themanini na sita, B ni tatu, C ni mbili. Imejipa maksi yenyewe.

— C ni pasi, akasema Wakili. Mwanangu kapata C ya Kiswahili, yuko kazini.

— Pasi kwa binadamu. Mashine hawasahihishi hivyo.

Nilicheka wakacheka, lakini cheko langu lilikuwa la mdomoni. Tulipotoka nje Yuliana alinivuta mkono chini ya kibaraza.

— Nakuomba unijibu neno moja, akasema kwa sauti ya chini. Turudishe au tubaki nayo?

— Injinia anasema...

— Sijamuuliza Injinia.

— Tukiirudisha kumbe ni nzima, utakuwa umetupa mali. Tukibaki nayo kumbe...

— Hayo nayajua. Nimeyajua tangu Jumapili. Miaka kumi na moja nimechapa barua za watu wengine, Baba Asifiwe. Kile kiboksi ndiyo miaka yangu yote kumi na moja. Nataka kujua tu mna nini ndani.

Niliona aibu, tena mbele ya cherehani yangu mwenyewe. Yeye angalau alikuwa anauliza. Mimi nilikuwa nazunguka benchi kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Saa tano na dakika kumi Farhan akainamisha dele, kikatoka kikombe nusu na machicha.

— Imekwisha, akasema. Labda nikapike nyingine.

Wakati huo akafika msichana mmoja na bahasha mkononi, ushungi hana, viatu vya shule ya uuguzi.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia.

— Naitwa Vaileth. Nimeelekezwa kwa dada anayechapa barua. Nina barua ya maombi ya kazi.

— Subiri kidogo, mdogo wangu, akasema Yuliana. Leo mashine ina kesi.

Wakamweleza, wote watatu kwa pamoja: kibandiko, feni, miezi, mizani, daraja C. Vaileth alisikiliza akigeuza shingo kwa kila mmoja, heshima tupu. Halafu akasema:

— Samahani. Ile ya mapokezi pale hospitali tulipofanyia mazoezi, kila asubuhi ikiwashwa, kabla ya kitu chochote, inaandika maneno yake kwanza. Inajitaja. Halafu yanapotea. Hii ya kwenu ikiwashwa inaandika nini mwanzo kabisa?

Wakili alimtazama Injinia. Injinia akatoa bisibisi sikioni, akairudisha. Shahidi, ambaye hajawahi kukosa kuwepo, alitazama vidole vya miguu yake. Mie ndiye niliyeiwasha kila siku kwa siku sita, tena nikiwa nimeiinamia, na sikujua. Mwanzo wake wote ulipita kioo kikiwa kimezimwa, nami nahesabu mpaka mia mbili.

— Siku ya kwanza, akasema Yuliana polepole, nilikwambia tuwashe kioo kwanza.

— Ulisema, nikajibu.

— Ukasema nitaiunguza kama televisheni.

— Nilisema.

Hakugomba. Aliingia ndani, akazima vyote viwili. Sisi tukajazana mlangoni. Akawasha kioo peke yake, kikakaa cheusi kinapata moto, na mikono yangu nilikuwa nimeifunga nyuma isije ikamtangulia. Ndipo akawasha boksi. Likalia. Namba zikapanda pembeni mbiombio, kisha kikajichora kisanduku cha mistari, na ndani yake mstari wa juu kabisa. Yuliana aliusoma kwa sauti yake ya ofisini, ile ya kusoma barua kabla bosi hajaweka sahihi.

— Prosesa kuu: 80286. Yaani ndiyo ile 286.

Kisanduku kikapotea. C ikarudi na kijistari chake.

— Mie si nilisema daraja, akanong'ona Shahidi.

— Nyamaza, Mwishehe, akasema Wakili, na ilikuwa hukumu yake ya kwanza ya haki asubuhi ile.

Nilimwona Yuliana amekaza mdomo, nikajua analia kwa ndani. Niliumia kuliko kama angenitukana. Halafu akachomoa waya, akauzungusha mkononi vizuri, akasema:

— Shika upande ule. Vaileth, barua yako utaichukua jioni, nitaichapa kwa taipureta. Saa ngapi?

— Tano na dakika ishirini na tano, akasema Farhan.

Injinia alikimbia kuita teksi ya jirani yake. Wakili alitusindikiza akikagua lakiri, kama ipo, kama nzima, kana kwamba yeye ndiye aliyeigonga. Njia nzima mpaka Gerezani boksi lilikuwa kwenye mapaja yetu, goti langu na goti lake.

Tulifika saa sita kasoro dakika kumi. Dalali aliitazama lakiri, akageuza boksi, akaguna, akatuonyesha meza ya ukutani ambako zilibaki mashine mbili, zote zimebandikwa 486 kwa kibandiko kilekile kinachong'aa.

— Chagueni, akasema. Zote bomba, na zote zinawaka. Ngoja niwaonyeshe.

Akachomeka ya kwanza, akapeleka mkono kwenye swichi ya boksi.

— Kioo kwanza, tukasema, mimi na Yuliana, kwa pamoja.