Trei Kumi na Moja za Mama Vumbi

Ndugu wafiwa na majirani, Mungu aliyetukusanya atupe subira, haya ni maisha ya dada yetu, Mama Vumbi, na anayewasomea ni mdogo wake kitindamimba, ambaye elimu yake ni ndogo na kosa lake mtalisikia humu humu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, na tarehe 2 Mei 1977 akaajiriwa kwenye kitalu cha bustani ya mimea, akakabidhiwa makangaga, mimea isiyo na ua wala mbegu, ila vumbi la kahawia chini ya majani, ndipo wenzake wakamtania kwa jina hilo. Tarehe 20 Agosti 1983 aliolewa na fundi bomba, wakajaliwa watoto watatu, na alipenda kusema kwamba vumbi la kangaga hupeperushwa hata likatua kwenye mwamba mtupu, lakini pasipo maji ndoa haifungwi, ndiyo maana yeye hakukubali posa ya seremala.

Mwaka 2021 machimbo ya mawe juu ya nyumba zetu yalifungwa, kila mvua ikaporomosha udongo, naye akaamini makangaga ndiyo yangetangulia kuushika, akapanda vumbi kwenye trei kumi na moja uani kwake. Tarehe 11 Januari mwaka huu figo zilimlaza hospitali, akamwachia mdogo wake kazi ya kunyunyizia maji, lakini huyu alipoona utando wa kijani alidhani ni ukoga, akaona aibu mbele ya wageni, akasugua trei kumi kwa sabuni, kumbe, alivyokuja kujua akiwa amechelewa, katika utando ule ndimo dume humwogelea jike ndani ya tone la maji, kangaga likazaliwa. Kila alipokwenda wodini dada aliuliza kama trei zimekauka, naye akajibu hazijakauka hata kidogo, maana alizidi kuzimwagia maji tupu zilivyo, ukweli wa mdomo na uongo wa moyo, hadi tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, dada alipofariki bila kuambiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti, na wenzake wa kitaluni, hasa msimamizi aliyeinamia jana trei iliyosalimika nyuma ya pipa, akaona vitando vinne vidogo, akasema kimoja huweza kujioa chenyewe, kwa kuwa kina dume na jike pamoja, kingine hufa kiseja, tungoje miezi sita tuone kama kangaga litachipua, na mvua za vuli zitafika kabla ya hapo.

Nisamehe, dada, leo nimeinyunyizia kabla ya kuvaa koti hili. Pumzika kwa amani, hiyo ambayo mimi bado sijaipata.