Aliyeniombea Miaka Tisa

Bwana asifiwe, wapendwa wa ibada ya Ijumaa hapa Maskati! Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kusimama mbele, mimi ni mtu wa jikoni na vyombo. Lakini leo nikikaa kimya nitakuwa mtovu wa shukrani.

Ndugu zangu, nina dada mmoja, Eliwaza, yuko Amerika. Mama yetu alipofariki ndiye aliyenilea. Alipopata uraia kule, aliwaandikia watu wa uhamiaji ili niende nikaishi naye. Huu ni mwaka wa tisa, zamu yangu haijafika. Mwaka huu nikasikia anafanyiwa upasuaji wa nyonga, na hana hata wa kumshika mkono kwenda chooni. Nikasema nitaomba viza ya matembezi, nimwuguze, nirudi.

Hapo ndipo hofu ilipoanza. Mwenzangu mmoja wa kazi za ndani, anayekaa mtaa wa Mabela, alinionya kwamba wakijua nina maombi ya kuhamia kule, wataona sirudi, watanikatalia. Fomu ikiuliza, niandike hapana. Na mimi, niliyeokoka, nikakubali! Nikatembea na hiyo hapana moyoni wiki nzima.

Kiingereza changu ni cha sokoni, kwa hiyo fomu alinijazia Bi Salma wa mtaa wa Hail, mwajiri wangu, ambaye ninamtunzia mama yake mzazi, na habari za dada yangu anazijua zote. Wazee wake walitoka Unguja, Kiswahili chake kitamu. Akafika swali moja, akaniuliza, "Pana mtu kakuombea?"

Nikamjibu, "Wengi, Bi Salma. Kanisa zima."

Akacheka hadi akashika meza. "Si dua hizo! Wauliza kama pana jamaa yako kakuombea uhamiaji."

Nikasema, "Andika hapana."

Akaisukuma kompyuta pembeni. "Mimi siandiki. Dada yako kakuombea miaka tisa, leo umkane?"

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma. Petro alimkana Bwana, nami nilikuwa namkana aliyenilea, tena ili nipate kwenda kumwona. Nikalia palepale. Na aliyenitoa kwenye uongo ule hakuwa mchungaji, alikuwa mama wa Kiislamu aliyekuwa anangojea kuswali Alasiri. Ninamheshimu mama yule kuliko ninavyoweza kusema. Tukaandika ndiyo. Akaongeza na barua kwamba kazi yangu inaningoja.

Ubalozini afisa aliuliza lilelile. Nikasema ndiyo, dada yangu ameniombea, zamu haijafika, sasa naenda kumwuguza, na likizo ikiisha narudi. Akaniangalia, akasoma barua, akanipa viza.

Nilimwogesha dada yangu wiki sita kwa mikono hii. Siku ya kuondoka alinishika kanga akasema, "Baki tu, mdogo wangu. Nani atakutafuta?" Hapo palikuwa pagumu kuliko ubalozini. Nikamwambia, "Niliwaahidi kurudi, dada. Zamu yangu itanikuta Maskati." Tukalia wote wawili, nikapanda ndege.

Mpendwa, kama kuna hapana unayotembea nayo, itue leo kwa Bwana. Sisemi kila asemaye kweli hupewa viza. Hata ningenyimwa, ningekuwa nimefunguliwa. Namshukuru Mungu, namshukuru Bi Salma. Na wewe, siku ukiulizwa kama yupo aliyekuombea, usimkane.