Hendeli ya Mutheu

Benchi la Nzioka liko mbele ya kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, nyuma ya soko la Machakos, na usidhani wanaokaa hapo wana baiskeli. Spika hana, jina alipewa kwa kuwa hamwachi mtu amalize sentensi. Daktari, aliyewahi kulinda geti la zahanati, alikuwa nayo ikaibwa, na mpaka leo akiitaja anavua kofia. Wanakuja kwa kahawa ya Mwikali na kwa mabishano. Ijumaa hiyo mwenye jambo alikuwa Urbanus. Alikuwa amepakata hendeli ya baiskeli ya mashindano, ile inayopinda mbele kama pembe za kondoo, mikono ya breki ikiwa imeshafungwa juu yake, na roho yake haikuwa imetulia hata kidogo. Binti yake, Mutheu, ana mikono midogo. Jumamosi iliyopita, akiteremka mlima wa njia ya Kangundo, vidole havikuzifikia breki, akaishia mtaroni. Alichubuka goti tu, Mungu ni mwema. Kesho klabu yake ya baiskeli inachagua timu, na mlima ni uleule.

— Hii ni ya tatu, Baba Mutheu, — Nzioka alisema, amechuchumaa kwenye gurudumu la mtu. — Ya kwanza ukasema ni pana. Ya pili ukasema ni nyembamba, mtoto atakosa pumzi. Hii nayo iko na shida gani?

Urbanus akaishika. Vidole vyake vyote vya mwashi vikazizunguka breki.

— Imepinda kidogo sana. Atashika wapi?

— Si hiyo ndiyo dawa! Haijapinda sana, kwa hivyo mkono hauendi mbali. Na ona hii skrubu hapa. Unaizungusha, breki inakuja karibu na kidole.

— Na skrubu ikilegea?

Nzioka akashusha pumzi, akarudi kwa gurudumu lake.

— Mnalaumu hendeli bure, — Spika akaingilia. — Hivi vitu vinatengenezwa na watu wa kwenye baridi. Huko vidole vinarefuka vikitafuta joto.

— Ai, Spika! Baridi inakunja kitu, haivuti, — Daktari akamkata. — Mikono ya watoto wa siku hizi ni midogo kwa sababu ya simu. Kidole gumba pekee ndicho kinafanya kazi, hivyo vingine vimelala. Mpe ng'ombe akamue, asubuhi na jioni, miezi mitatu. Utaniambia.

— Timu inachaguliwa kesho, — Mwikali akasema, akimwongezea kahawa.

— Basi aanze leo, akamue usiku kucha.

Watu wakacheka. Urbanus hakucheka. Ile miezi mitatu ilimpendeza mno. Kwa miezi mitatu mtoto yuko zizini, hateremki popote.

— Wacheni mikono, — Spika akasema, sasa amesimama. — Avae akala, vile viatu vya tairi. Akitaka kusimama, anaweka mguu chini, kwisha! Babu yangu aliteremka mlima wa Iveti hivyo mpaka hapa sokoni, na amebeba mbuzi.

— Mbuzi alifika hai?

— Alifika amenyamaza.

— Mguu utaungua, — Daktari akasema kwa upole wa mtu wa zahanati. — Meno ndiyo iko na nguvu. Unafunga kamba kwa kila breki, ncha zote anaziuma. Akitaka kusimama, anavuta kichwa nyuma.

— Na atapumua saa ngapi?

— Mteremkoni mtu anapumua ya nini? Si anateremka tu?

— Hiyo kamba, — Urbanus akauliza, — ni ya aina gani?

Hata Spika alimtazama.

Wakati huo mama mmoja wasiyemjua alikuwa amefika akisukuma baiskeli nyeusi ya mizigo, magunia matupu nyuma. Alisalimia, akaomba pampu, akajaza upepo bila haraka huku akisikiliza. Alipomaliza akapangusa mikono kwa leso.

— Samahani, wazee. Huyo msichana ameishika hii hendeli?

Watu wa benchi wakamgeukia Urbanus. Spika akaketi.

— Yuko nyumbani, — Urbanus akasema. — Nilimwambia nitamchagulia.

— Hata hizo mbili za kwanza hakuzishika?

— Mama, akiishika, na imtoshe, ataenda. — Akapiga funda la kahawa. — Mimi naogopa ule mlima. Nilimtoa kwa mtaro na mikono yangu.

— Pole sana. Na usipomchagulia, hataenda?

Urbanus akaitazama hendeli mapajani. Alimjua mtoto wake. Alfajiri Mutheu angeondoka na ile hendeli ya zamani, ileile ya mtaroni. Mwikali aliinamisha thamosi, yakatoka matone mawili.

Urbanus akatoa simu.

— Mutheu? Kuja hapa kwa Nzioka. Leta baiskeli. Hapana, siwezi kukuchagulia. Kuja na hiyo mikono yako.

Akaja. Nzioka akaifunga hendeli kwenye baiskeli yake, akazungusha skrubu, msichana akashika, akasema bado, fundi akazungusha tena. Yule mama hakuondoka. Mutheu akapanda, akashusha mikono mpaka kwenye pembe za hendeli, na vidole viwili kila upande vikazifikia breki bila kunyooka.

— Baba, nisukume.

Urbanus akaweka viganja nyuma ya kiti, akasukuma. Baiskeli haikuenda.

— Sukuma na nguvu, Baba. Kama mlima.

Akainama, akasukuma kwa nguvu zake zote za mwashi, mpaka viatu vikateleza kwenye changarawe na jasho likamtoka. Vile vidole vinne vidogo vilikuwa vimezishika breki. Akabaki ameinama hapo nyuma ya mtoto, anahema, uso ameuficha ili watu wa benchi wasiuone.

— Kesho, — akasema, — mnaondoka saa ngapi?