Nyama ya Mama Siti

Wafiwa wenzangu, mimi Josephina, dada wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu Cecil Nanguka, na atakayechukia achukie tu, maana mimi nimechukia miaka mitatu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 Chiwata, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane mwaka 1960, akaajiriwa askari wa wanyamapori Newala mwaka 1965, na tarehe 14 Juni 1969 akamwoa Oliva wa hapa kijijini, akahamia ukweni kama ilivyo desturi yetu, wakajaliwa mabinti sita bila mtoto wa kiume, jambo mlilomsengenyea sana.

Mwaka 1993 aliungana na watafiti wa vinasaba, yaani zile alama za ukoo zilizomo mwilini, akawa anawaokotea mavi ya tembo bonde la Ruvuma, nanyi mkamwita Baba Mavi, aka, watu wazima na ndevu zenu! Majibu ya maabara yalikuja mwaka 1995, kwamba tembo wetu na wale wa ng'ambo ni ukoo mmoja wa bibi mmoja, na wakizibiwa njia ya kuvukia mto watazaana ndugu kwa ndugu mpaka waishe. Jike mkubwa aliyewaongoza kuvuka, Cecil alimwita Mama Siti, kwa jina la Siti alilompa ndama wa tembo huyo.

Aliomba mkutanoni njia iachwe, na ninyi mnaohesabu ukoo kwa mama mkasema hayo ni mambo ya kizungu, mkanyoosha mikono kampuni ya uwindaji ijenge kambi pale pale kivukoni, kwani enzi hizi za soko huria mgeni mwenye kreti za soda hakataliwi. Agosti 1996 walimpiga risasi Mama Siti, wakawagawia nyama, mkaila mafuta yakiwachuruzika mpaka viwikoni, ndugu zetu wa Chiwata wakafungiwa mafungu, halafu bila haya mkamletea kaka sahani. Aliimwaga chooni, akatapika mbele yenu, na nyumbani kwake hakuna aliyeonja. Tangu hapo tembo hawajavuka tena.

Aliugua ini Januari 1999, akalazwa Masasi, akafariki tarehe 3 Mei. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani kwa maji na kuni, na wafanyakazi wenzake, ingawa ndio waliosimamia mgao wa nyama ile, jamani, kinyaa kitupu.

Aliacha neno moja, kwamba aliyekula nyama ile, au aliyenyoosha mkono siku ile, asiguse jeneza lake. Tumetafuta wanaume wa kulibeba, hatukumpata hata mmoja, kwa hiyo wanaume kaeni pembeni, binti yake mkubwa Regina na wadogo zake watano wapite, walibebe wao.

Pumzika, kaka Cecil, upate amani, mikono inayokubeba ni safi.