Félicien Cirhuza na Maumivu Aliyokataa Kuyaamini

Félicien Cirhuza alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Walungu, Kivu ya Kusini, mtoto wa nne wa Mzee Cirhuza na Mama Nabintu.

Alisoma shule ya msingi pale pale Walungu, kisha sekondari Bukavu, na huko ndiko alikojifunza kuongoza kwaya. Kinanda hakikuwepo. Alijaza maji kwenye chupa za bia, akazigonga kwa kijiko ili kila sauti ipate pa kuanzia. Padri alimuuliza nani alikunywa hizo bia. Félicien alijibu kwamba swali hilo aulizwe padri mwenyewe.

Tarehe 6 Agosti 1988 alimwoa Valérie, sauti ya kwanza katika kwaya hiyo. Walijaliwa Israël na Sylvie. Vita viliwatoa Bukavu mwaka 1996, wakaishi kambini Nyarugusu, Tanzania, hadi walipopokelewa Birmingham, Uingereza, mwaka 2006. Walikaa mtaa wa Stechford. Félicien aliajiriwa katika kiwanda cha mikate, na Jumapili aliongoza kwaya ya Wakongo katika ukumbi mmoja wa Kings Heath.

Valérie ameomba wasifu huu usimpambe mumewe, kwa kuwa mwenyewe hakutaka kupambwa.

Mwaka 2014 Valérie alianza kushikwa na maumivu upande wa kulia wa kichwa, nyuma ya jicho. Yalikuja ghafla kama kisu, yakakaa dakika chache, yakaondoka, na siku hiyo hiyo yakarudi tena na tena. Jicho la kulia lilikuwa jekundu na kutoa machozi. La kushoto lilibaki kavu. Aliambiwa ni meno, akang'olewa mawili. Maumivu hayakwisha.

Jumapili moja alitoka mbio katikati ya wimbo. Aliporudi, Félicien alimwambia mbele ya wanakwaya wote, "Jicho moja inalia, ingine inacheka? Kama hautaki kuimba, sema tu." Watu walicheka. Valérie aliweka kitabu cha nyimbo kitini na hakuimba tena.

Mwaka 2017 Sylvie alimpeleka mama yake kwa daktari wa mishipa ya fahamu, Dokta Kamlesh. Félicien aliwasindikiza shingo upande. Daktari aliuliza yanadumu muda gani, yanarudi mara ngapi, na ni jicho lipi linalotoa machozi. Alisema ni ugonjwa nadra, na kwamba iko dawa moja, indomethasini: ikiwa ndio wenyewe, maumivu yatakwisha kabisa. "Wengi wenye ugonjwa huu," aliongeza, "huambiwa wanajifanya."

Félicien aliinamisha kichwa.

Wiki haikuisha kabla Valérie hajapona. Nyumba nzima ilifurahi, isipokuwa baba wa nyumba.

"Mama Israël, nilikuambia nini mbele ya watu?" alimuuliza mkewe.

"Acha. Ilishapita."

Kwa Félicien haikupita. Alisimama mbele ya kwaya ile ile, akamwomba mkewe msamaha kwa sauti ya kusikika. Valérie alirudi kuimba. Tangu hapo kila mlo Félicien alimletea kidonge chake, pamoja na kile cha kulinda tumbo, kwa sababu daktari alionya kwamba dawa hiyo huchoma tumbo. Hata hivyo, Valérie alipoimba, yeye alitazama chini.

Mwaka huu Félicien alianza kusimama katikati ya ngazi za stesheni ya Stechford, akisema anasikiliza kama treni inakuja. Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2019, alianguka jikoni. Hospitalini alikiri kwamba kifua kilikuwa kikimbana tangu Pasaka.

"Juu ya nini haukuniambia?" Valérie alimuuliza.

"Ningeanza wapi? Mimi, nikulilie wewe?"

"Ningekuamini, Félicien."

Félicien hakuuachia mkono wa mkewe. Moyo wake ulisimama Jumanne, tarehe 12 Novemba, akiwa na miaka hamsini na minane.

Ameacha mjane, Valérie, watoto wake Israël na Sylvie, mjukuu mmoja, na mdogo wake Sylvestre, anayewasomea haya. Mama Israël ana ombi moja: kama kuna mtu hapa anayeumwa na amenyamaza, amwambie aliye karibu naye kabla hatujaondoka makaburini.

Félicien, pumzika kwa amani. Huko hakuna tena cha kuvumilia kimya kimya.