Siku Mama Nawoi Alipomeza

Baada ya miaka ishirini na minane nyuma ya kaunta ya Hoteli Edome, Lodwar, Mama Nawoi Lochakapong anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Tulikubaliana kwamba hakuna kulia. Mpishi mkuu amekwisha kuvunja makubaliano hayo mara mbili, na anasingizia vitunguu.

Alianza kwa kuosha glasi, akapanda hadi kuwa mkuu wa baa na mnunuzi wa vinywaji vyote. Kilichompa jina ni bourbon, wiski ya mahindi kutoka Marekani, hasa zile kali zinazotiwa chupani bila kuzimuliwa. Asubuhi ya kuonja, jikoni hapakaangwi kitu, na ole wake aliyejipulizia manukato. Mama hunusa mdomo ukiwa wazi kidogo, huonja, hutia tone la maji, huonja tena, kisha hutema kwenye kikopo cha bati. Kumeza, hapana. Anasema kazi yake ni kujua kama kinywaji kinastahili bei yake, na aliyemeza huona kila kitu kinastahili.

Mawakala wa mauzo kutoka Eldoret walimwogopa. Mmoja aliisifu chupa yake mpaka koo likamkauka. Mama akaonja, akasema, "Hii inapiga kelele tu," akaenda zake kunywa chai.

Lakini sisi tutamkumbuka zaidi kwa siku ile ya Kakuma. Mwaka juzi, Dut, mfanyabiashara wa huko na mteja wetu wa siku nyingi, alikuwa akimwoza binti yake Awut. Ili kuwaheshimu wakwe, alinunua katoni ya bourbon yenye kileo cha asilimia sitini na tatu kwa bei ya kutisha, akamwomba Mama aje aihakikishe kabla haijamiminwa. Gari niliendesha mimi.

Tulichelewa. Wageni walikuwa wamekwisha kuketi, ikabidi Mama aonje mbele ya ukumbi mzima. Akanusa, akafumba macho, akaonja, akatema.

Mzee Ruot, baba wa bwana harusi, aliruka kutoka kitini. "Huyu mama anatema! Hii kitu iko sumu!"

Basi! Shangazi mmoja akaanza kukusanya watoto, na upande wote wa bwana harusi ukasimama kuondoka. Dut alimsogelea Mama. "Dada yangu," akanong'ona, "tafadhali, meza."

Mama Nawoi akamtazama Awut, aliyekuwa ameshika shela yake kwa mikono miwili, midomo ikimcheza. Akajimiminia glasi, safari hii bila hata tone la maji, akaimeza yote.

Machozi yakamtiririka. Akapiga meza kwa kiganja, akapaza sauti ambayo hatukujua kama anayo: "Ejok!" Yaani, kwa Kiturkana, nzuri!

Watu wakaketi. Mzee Ruot hakuketi. "Sawa, iko mzuri. Na bei yake ya haki ni gani?"

Dut alimkonyeza Mama kwa macho yote mawili, akimsihi aipandishe. Mama hajui kusema uongo kuhusu kinywaji, na glasi ile haikumfundisha.

"Ni halisi, baba," akasema. "Ina utamu wa sukari iliyoungua na harufu ya pipa la mbao. Lakini Dut amepunjwa. Kila chupa ameilipia bei ya mbili."

Hapo mimi nikaanza kutafuta funguo za gari. Kumbe Mzee Ruot alikuwa anacheka, anacheka mpaka akashikiliwa. "Mukwe amelipa mara mbili kwa ajili yetu!" akapiga kelele, akamkumbatia Dut. "Leta hiyo kitu!"

Ngoma ilipoanza, Mama nilimkuta katikati ya wachezaji, akiruka juu kuliko vijana wa miaka ishirini. Njia nzima hadi Lodwar aliimba. Jumatatu alirudi kazini, akaonja, akatema, akatukataza kulizungumza jambo hilo. Leo hana tena mamlaka ya kutukataza.

Mama anarudi kwao Kaaleng kwa mbuzi wake na wajukuu wake. Awut na mumewe wametuma salamu kutoka Kakuma: mwezi uliopita wamepata mtoto wa kike, wakamwita Nawoi. Mzee Ruot hulitamka jina hilo kwa shida, na kwa sauti kubwa sana.

Asante, Mama yetu. Uwe na afya, ucheke sana, na maisha ya huko yawe mema kwako.